Shamba Lisilo na Ua

Mwaka wangu wa mwisho chuoni nilitengeneza mashine ya kufukuza ndovu.

Ilikuwa na kihisi cha kunasa mwendo, king'ora nilichokitoa kwenye gari lililokufa, taa ya kumetameta, betri ya pikipiki na sola ndogo niliyonunua Luthuli Avenue baada ya kubishana bei karibu saa nzima. Niliipakia kwenye basi la Mombasa, nikashuka Maungu, nikadandia matatu ya Rukanga, na jioni nikawa kwa nyanya yangu chini ya mlima Kasigau, nachimbia nguzo kwenye kona ya shamba lake huku watoto wa jirani wakinitazama kama mganga.

Usiku wa kwanza ndovu walikuja. King'ora kikalia, taa ikameta, wakageuka. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Usiku wa tatu na wa nne hawakuja kabisa. Nikarekodi video, nikaitupa kwenye grupu ya darasa, emoji zikamiminika. Nilirudi Nairobi shujaa. Kwenye ripoti niliandika kwamba mfumo umefanikiwa kwa asilimia 100. Nikapewa A.

Wiki mbili baadaye nyanya akapiga simu.

"Shikamoo nyanya."

"Marahaba mjukuu wangu. Kile kidude chako bado kinalia vizuri." Akanyamaza kidogo. "Ila sasa ndovu wamekizoea. Kikilia ni kama kengele ya shule. Wanajua chakula kiko tayari."

Kunde zilikwenda, ndengu zikaenda, na mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba yakakanyagwa. Mimi nilipata A. Nyanya alipata mabua.

Kwa muda mrefu niliamini kosa langu lilikuwa la kiufundi. Pengine king'ora kilikuwa kimoja mno, pengine ningebadilisha sauti kila usiku. Lakini nilivyozidi kusoma ndivyo nilivyozidi kurudi nyuma, kutoka kwenye saketi hadi kwenye historia. Nikagundua kwamba watu wa Kasigau wamekuwa wakijenga kuta na nyua kwa miaka mingi, dhidi ya adui tofauti, na kwamba kila mara swali la maana lilikuwa lile lile: huu ukuta unamlinda nani, na nani amebaki nje yake?

*

Ukiwa Rukanga ukiinua macho, mlima unauona umesimama peke yake katikati ya nyika tambarare. Kilele chake kiko mita 1,641 juu ya usawa wa bahari na mara nyingi kimefunikwa na wingu. Wingu hilo ndilo uhai wa hapa. Msitu wa juu hunasa ukungu, maji huteremka kwa mabomba, na vijiji vimeuzunguka mlima kama watoto waliozunguka chungu: Rukanga, Jora, Bungule, Makwasinyi, Kiteghe. Nje ya duara hilo ni nyika kavu inayounganisha Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Ndovu akitaka kuhama kutoka mbuga moja hadi nyingine hupita hapa. Hajapotea njia. Hii ndiyo njia yenyewe.

Oktoba 1847 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, alitoka Rabai karibu na Mombasa akaja hadi mlima huu, ambao siku hizo ulijulikana pwani kwa jina la Kadiaro. Miezi saba baadaye, Mei 1848, angepita tena upande huu wa nchi hadi auone Kilimanjaro na theluji yake, na wasomi wa Ulaya wangemcheka kwa kudai kuna theluji karibu na ikweta. Vitabu vingi vinakumbuka safari ya pili. Mimi naikumbuka ya kwanza, kwa sababu inanionyesha kwamba Kasigau haikuwa mwisho wa dunia. Ilikuwa kituo kwenye barabara.

Na barabara ile ilibeba nini? Pembe. Pembe za ndovu wa Tsavo na wa mbali zaidi zilishuka Mombasa, zikavuka bahari, na karne ya 19 sehemu kubwa yake iliishia kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Barabara hiyo hiyo ilibeba watu. Biashara ya watumwa na biashara ya pembe zilitembea pamoja.

Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya ambaye kwa miaka mingi alifanya kazi katika jumba la makumbusho la Field Museum, Chicago, alichimba na wenzake katika nyika ya Tsavo na kwenye mlima Kasigau. Upande wa Bungule waliyachunguza mapango ya miamba ambayo midomo yake ilizibwa kwa kuta za mawe, mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji. Kusimba anayafungamanisha makao hayo na hofu ya karne ya 18 na ya 19, wakati wa misafara na utekaji wa watu. Watu walipanda mlimani, wakajenga ukuta, wakajificha nyuma yake.

Nilipoenda kuuona mmoja, kitu cha kwanza nilichofanya kama mwanafunzi wa uhandisi ni kuusukuma. Haukutikisika. Jiwe kubwa chini, dogo juu, pengo limejazwa kokoto, uzito wote umeegemea mwamba. Aliyeupanga hakuwa na shahada, ila alijua mzigo unapita wapi. Kitu cha pili nilichowaza ni kwamba wakati mababu zangu wanajificha nyuma ya mawe haya, ndovu nao walikuwa wanakimbia. Mtu na ndovu walikuwa mizigo ya msafara mmoja. Uadui tunaouzungumzia leo, ule wa "ndovu dhidi ya wakulima", si wa tangu Adamu. Kuna watu wengine walioupanga, na wengi wao hawakuwahi kulima Kasigau.

*

Wahandisi wa kwanza wenye vyeti kufika upande huu wa nchi walikuja na reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukapita Voi, na mwaka 1898 ukasimama kwenye mto Tsavo, ambako John Henry Patterson alitumwa kujenga daraja. Wote tunaijua hadithi ya simba wawili waliokula wafanyakazi. Patterson baadaye alidai simba hao waliua watu 135. Ngozi na mafuvu yao viliuzwa Field Museum, lile lile jumba la Chicago, na bado vipo. Mwaka 2009 watafiti wa chuo kikuu walichapisha matokeo ya kuchunguza nywele na mifupa ya simba hao ili kujua walikula nini, wakakadiria watu wapatao 35. Hata 35 ni msiba mkubwa. Lakini kati ya 135 na 35 kuna tofauti ya hadithi na hesabu, na ningefaa kuujua mfano huo kabla ya kuandika "asilimia 100" kwenye ripoti yangu.

Reli ilipokamilika ikawa kitu cha kulindwa. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, Wajerumani waliteka Taveta wakaanza kutuma vikosi vidogo kulipua njia ya reli. Waingereza wakajenga tawi la reli la kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi. Mlima Kasigau, uliosimama kati ya mpaka na reli, ukawa mahali pa kutazamia, na mwishoni mwa mwaka 1915 Wajerumani waliuteka.

Katika mwaka huo huo wa 1915 Waingereza waliwashuku Wakasigau kwamba wanawasaidia Wajerumani, wakawahamisha kwa nguvu hadi upande wa Malindi. Watu wa mlimani wakapelekwa kwenye joto na malaria ya pwani. Wengi walikufa. Waliosalia waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1930, baada ya kama kizazi kizima.

Baba yake nyanya alikuwa mtoto mgongoni alipoondolewa, na alirudi akiwa mtu mzima aliyeujua mlima kwa kusimuliwa tu. Nyanya husema baba yake alipofika alikuta minazi aliyoizoea Malindi haipo, na mashamba ya baba yake mwenyewe yamekuwa msitu. Walianza upya, na jembe.

Sipendi kulaumu chuma. Reli ilileta shule, hospitali, gazeti, na hata basi langu la Mombasa lilipita kando yake. Lakini ndani ya hadithi hii kuna jambo ambalo darasani hatukufundishwa. Mtambo ulipohitaji ulinzi, wenyeji ndio walioonekana kuwa tatizo. Aliyechora mchoro hakuwa na sababu ya kuuliza nani anaishi pale.

*

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza mbuga ya Tsavo. Ramani ikachorwa, na Kasigau ikabaki katikati, kati ya pande mbili za mbuga. Wanyama wakapewa ardhi yao, watu wakapewa yao, kana kwamba ndovu anasoma ramani.

Ukame wa 1970 na 1971 uliua maelfu ya ndovu wa Tsavo. Ujangili wa miaka iliyofuata ukamalizia. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Tsavo nzima ilibaki na ndovu chini ya 7,000. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe mbele ya kamera za dunia. Biashara ya pembe ikapigwa marufuku kimataifa, na ndovu wakaanza kurudi polepole. Sensa ya kitaifa ya mwaka 2021 ilihesabu ndovu 36,280 Kenya nzima, na karibu 15,000 kati yao wako katika nchi ya Tsavo.

Hizi ni habari njema, na nazisema kama habari njema. Lakini zitazame kutoka shamba la nyanya. Alipokuwa mama kijana anasomesha watoto kwa ndengu na kunde, ndovu walikuwa wachache kuliko wakati wowote anaoukumbuka. Yeye na wenzake walifungua mashamba mapya katika miaka hiyo, mengine kwenye njia ambazo ndovu hawakuwa wakizitumia kwa sababu walikuwa wamekufa. Kisha ndovu wakarudi. Ndovu jike mzee hukumbuka njia na maji kwa miongo mingi. Alirudi kwenye njia yake akakuta kuna mahindi.

Kwa hiyo ndovu hakosei, na nyanya hakosei. Ushindi wa uhifadhi uliandikwa Nairobi na kushangiliwa London, na sehemu ya bili ikaletwa Kasigau, ikalipwa kwa magunia.

Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia: shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na malipo kwa mazao yaliyoharibiwa. Baada ya kidude changu kushindwa, nyanya alijaza fomu, akapiga muhuri kwa chifu, akaipeleka katika ofisi fulani. Mpaka naandika haya bado anaambiwa arudi wiki ijayo. Akirudi nyumbani hupanda dungu lake, lile jukwaa la miti la kulindia shamba, akiwa na debe, fimbo na tochi, mwanamke aliyepita miaka 70, na kukesha. Watu wa mjini tunapokosa usingizi ni Netflix.

*

Hebu sasa turudi kwenye nyua.

Ua wa umeme unafanya kazi, lakini ni ghali kuujenga na ghali zaidi kuutunza, na ndovu wengine wamejifunza kuvunja waya kwa kutumia pembe, ambazo hazipitishi umeme. Watu wamejaribu kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu. Inasaidia, mpaka mvua inyeshe. Wamejaribu moto, fataki, mbwa. Ndovu ni mnyama mwenye akili, na kila kelele isiyo na madhara mwishowe ataizoea. Hili lilijulikana vizuri kabla sijakata waya wangu wa kwanza. Sikusoma. Nilidhani mtu wa kwanza kuwaza juu ya tatizo la nyanya ni mimi.

Kule Sagalla, kilima kilicho jirani na Voi, walianza kwa kitu kingine: nyuki. Warina asali wa sehemu nyingi walijua siku nyingi kwamba ndovu hukwepa mti wenye mzinga. Mwaka 2002 Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton waliandika kuhusu jambo hilo kisayansi. Lucy King, wakati huo mwanafunzi wa Oxford, akalifanya kuwa kazi yake. Mwaka 2007 yeye na wenzake walichapisha jaribio lililoonyesha kwamba ndovu wakisikia tu sauti ya nyuki waliokasirika, hukimbia. Tangu mwaka 2009 wakawa Sagalla, pamoja na wakulima, wakijenga nyua za mizinga: mzinga kila mita 10, katikati yake mbao inayofanana na mzinga, yote imeunganishwa kwa waya. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka.

Kilichonigusa kuliko ua wenyewe ni kwamba hawakuondoka. Mwaka 2024 walichapisha hesabu ya miaka 9. Katika mashamba 26, walihesabu karibu ndovu 4,000 waliokaribia, na kwa wastani ua uliwageuza asilimia 76. Halafu, bila kuficha, wakaandika na sehemu chungu. Ukame wa mwaka 2017 uliwafukuza nyuki, mizinga iliyokuwa na nyuki ikapungua kwa asilimia 75, na ua ukadhoofika kwa miaka iliyofuata. Yaani mkulima alikosa mvua, akakosa asali, akakosa na mlinzi, yote kwa mpigo.

Kama wangepima siku 4 kama mimi, wangejua nini?

*

Na upande wetu, hapa kwenye ukanda wa Kasigau, kuna mabati.

Kijiji cha Sasenyi kimepakana na ranchi ya Rukinga, ambako shirika la Wildlife Works linahifadhi msitu. Mmoja wa wafanyakazi wake, Simon Kasaine, alikuja na wazo ambalo mtu akilisikia mara ya kwanza huuliza, "Ni hilo tu?" Unachukua bati, unalikata vipande virefu vyembamba, unavitoboa, unavitundika kwenye waya kuzunguka shamba, karibu karibu. Upepo ukivuma vinagongana. Jua likipiga vinametameta, na mbalamwezi vilevile. Ndovu akigusa waya, upande mzima unapiga kelele. Hakuna betri. Hakuna kihisi. Kikiharibika kipande, unakata kingine. Watu wakauita kwa jina lake, ua wa Kasaine.

Hapo ndipo vyuo vikuu vilipoingia, na namna vilivyoingia ndiyo sababu ya makala hii. Watafiti kutoka Western Kentucky huko Marekani, wakiwemo Bruce Schulte na Rebecca Lynn Von Hagen, wakaungana na Kasaine na mwenzake Mwangi Githiru wa Wildlife Works, na Urbanus Mutwiwa, mhandisi wa kilimo na mazingira wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja. Hawakuja na kidude kutoka mjini. Walichukua wazo lililokuwa limeshazaliwa shambani wakaliuliza swali moja gumu: je, ni kweli?

Kulijibu swali hilo ni kazi ya jasho isiyo na video nzuri. Unahitaji mashamba yenye ua na mashamba yasiyo na ua, mazao yanayofanana, mahali panapofanana. Unahitaji mtu wa kuamka alfajiri kusoma nyayo: walikuja wangapi, walitoka wapi, walisimama wapi, waliingia au waligeuka. Unaandika hata usiku ambao hakuna kilichotokea. Unarudia msimu baada ya msimu. Mwaka 2021 matokeo yalichapishwa katika jarida la African Journal of Ecology, na jina la Kasaine liko pale kati ya waandishi, si kwenye shukrani za mwisho. Walionyesha kwamba ua wa mabati unasaidia kuwazuia ndovu wasiingie shambani. Haukuwa muujiza, ila ulisaidia, na mkulima wa kawaida anaweza kuutengeneza.

Nilisoma makala ile usiku mmoja kwenye simu, nikarudi kwenye ripoti yangu yenye A, nikaona nilichokosa. Haikuwa sauti ya king'ora. Sikuwa na shamba la kulinganisha. Usiku wa tatu na wa nne ndovu hawakuja kwangu, nikasema mashine imewafukuza. Lakini je, walikwenda kwa jirani? Sikuuliza. Pengine hawakuja kwa mtu yeyote usiku ule, walikuwa Rukinga wakinywa maji. Nilihesabu kutokuja kwao kama ushindi wangu, kama Patterson na watu wake 135.

*

Desemba nilirudi Kasigau na marobota mawili ya waya, mikasi ya bati, na mabati chakavu niliyoyaokota kwa fundi mmoja Voi. Nyanya alikaa kwenye kigoda akinitazama nakata vipande.

"Na hiki nacho kinatumia betri?"

"Hapana nyanya. Ni upepo."

"Upepo upo," akasema.

Nikamweleza mpango. Safari hii tutafanya kisayansi. Tutazungushia shamba lake ua, na shamba la jirani tutaliacha bila ua, na kila asubuhi tutaandika ndovu wameingia wapi. Mwisho wa msimu tutalinganisha. Nilimchorea kwenye mchanga kwa kijiti, nikijisikia profesa.

Nyanya akatazama mchoro kwa muda. Akaweka kidole kwenye kile kisanduku cha pili.

"Na hili lisilo na ua ni la nani?"

Nikamtajia jirani, mama mmoja mwenye watoto watano.

"Anajua?"

Sikuwa na jibu. Kwenye daftari langu lile lilikuwa shamba la kulinganisha tu, bila mtu ndani yake. Kwa nyanya lilikuwa ugali wa watu sita. Sayansi inalihitaji shamba lile. Bila hilo tunabaki na hadithi, na hadithi ndizo zilizonipa A na kumpa yeye mabua. Lakini mwenye shamba lile anakubali kupoteza kitu ili wengine wajue kitu, na mtu huyo hana jina kwenye jedwali.

Nikakumbuka ukuta wa mawe kule Bungule. Pangoni hapakuwa na nafasi ya kila mtu.

Tulikwenda kwa yule mama jioni, nyanya mbele, mimi nyuma nimebeba kilo mbili za sukari kama mtu anayeenda kuposa. Tulizungumza saa mbili. Nilieleza kwa nini shamba lisilo na ua lina maana, na mama aliuliza maswali mazuri kuliko yaliyoulizwa na waalimu wangu walionipa A. Ukishajua kwamba linasaidia, utaniletea lini na mimi? Ndovu wakigeuka kwa bibi huyu si ndio watakuja kwangu? Mazao yakiliwa, hasara ni ya nani?

Mwisho tulikubaliana hivi. Kila shamba ligawanywe mara mbili, lake na la nyanya, nusu yenye ua na nusu isiyo na ua, kwa hiyo hatari iwe sawa. Ya pili, kunde na ndengu, zinazomletea pesa kila mmoja wao, ziwe ndani. Mahindi kidogo yawe pande zote mbili kwa ajili ya kulinganisha. Ya tatu, msimu ujao, matokeo yakiwa vyovyote vile, waya na mabati ya kumalizia nusu iliyobaki ninanunua mimi. Mwanatakwimu atakwambia mpango huu una matundu, maana ndovu akigeuka upande mmoja anaweza kuzunguka upande wa pili na kuharibu hesabu. Ni kweli. Lakini ni mpango ambao watu wote waliomo ndani yake wanajua wamo.

Sasa hivi ninaandika nikiwa Nairobi, na daftari liko kwa nyanya, limefungwa na uzi kwenye nguzo ya dungu. Yule mama na nyanya hubadilishana zamu. Kila asubuhi mmoja wao huzunguka mashamba yote mawili, anasoma nyayo, anaandika. Jumapili hunipigia simu na kunisomea, nami naingiza kwenye kompyuta. Hatujafika mwisho wa msimu, na sitawaambia kama ua unafanya kazi, kwa sababu bado sijui. Ndovu wamekuja usiku mara saba. Mara tano waligeuka wakaenda. Mara moja waliingia upande usio na ua wa nyanya. Mara moja waliingia upande wenye ua wa yule mama, wakakanyaga mistari mitatu ya kunde, na mabati yote yakilia.

Usiku huo nyanya aliuandika kwa mkono wake, kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kusoma ukubwani. Niliposema pole, akanikatiza.

"Usipole. Umeandika?"

"Nimeandika nyanya."

"Vizuri. Na mimi nimeandika."